Mashahidi wa Cheche

4 Machi

Kidomo wangu,

Shikamoo yangu nakudai tangu Desemba na hujaileta. Hata hivyo mimi mzima, na Bibi mzima kwa kiasi chake. Macho yamekwisha kabisa, hata taa haioni, ila masikio yameongezeka ukali. Jana jirani alisonya nyuma ya ukuta, Bibi akamjibu. Anakusalimu na anasema ule, maana mara ya mwisho kwenye simu sauti yako ilikuwa nyembamba.

Usiniulize kwa nini naandika barua wakati simu ipo. Mimi ni mtunza nyaraka. Meseji ni upepo, lakini barua unaweza kuirudia na kunishika uongo.

Sasa jambo lenyewe. Jengo la Hifadhi wanapewa watu wa idara nyingine. Sisi tunahamia vyumba viwili nyuma ya ofisi za maji, na Mkuu amesema wazi kikaoni: kisichojulikana hakihamishwi. Alikuwa anasema maboksi ya kiwanda. Zile picha zote za kiwanda cha nguo, alizopiga mpiga picha wao miaka nenda miaka rudi, nyuma hazina hata neno moja. Septemba ikiisha, picha isiyo na maelezo inaingia kwenye gunia, gunia kwenye lori, na lori linakwenda kwenye tanuri la taka. Nikamwambia wazee wa kuzitambua wapo, wamejaa mjini. Akasema, "Basi waite. Fungua ukurasa mtandaoni, siku hizi kila mtu yuko huko." Nikapewa simu ya ofisi na mashine ya kuskani inayokohoa.

Nimefungua. Kila siku naweka picha kadhaa. Kanuni ni ileile niliyofundishwa: jina haliandikwi nyuma ya picha mpaka mashahidi wawili wasiojuana walitaje. Mfanyakazi wa Hifadhi hahesabiwi, wala ndugu yake. Kiwandani kila mtu aliitwa kwa jina la utani, na hilo ndilo watu wanalokumbuka, kwa hiyo naandika hilohilo.

Na wewe unajua kwa nini jambo hili linanihusu kuliko wengine. Mama alikuwa chumba cha nyuzi. Mafuriko yalichukua nyumba na kila picha yake. Alipofariki wewe ulikuwa unanyonya, mimi nilikuwa naanza kung'oka meno. Kama uso wake umebaki popote duniani, umo ndani ya maboksi haya. Naogopa nitaupita bila kuujua. Na kama haukujulikana, utachomwa.

Waambie watu wa kwetu mnaokutana nao huko wautazame ukurasa.

Dada yako


2 Aprili

Dada Penseli,

Shikamoo. Hiyo ni ya leo. Ile ya Desemba nimeiambatanisha, iangalie chini ya stempu.

Mwambie Bibi nakula mpaka mkanda unalalamika. Ghalani mambo shwari. Msimamizi ni yuleyule mwenye roho ya kufuli, na mwenzangu wa chumba, yule mpishi, bado anakoroma kama anabishana na mtu.

Ukurasa wako nimeutazama wote, juu mpaka chini. Usinune, lakini umeandika nini? "Picha Na. 212. Wafanyakazi. Tarehe haijulikani." Nani atajibu hiyo? Nimekuta komenti mbili. Mmoja anauliza bei gani, mwingine anauza dawa ya chunusi. Dada, watu hawajibu namba, wanajibu swali. Weka uso mmoja, uliza jambo moja. Nani anamjua huyu aliyevaa viatu visivyofanana? Huyu mama anamkaripia nani? Utaona watakavyogombana, na mtu akishagombana ujue amekumbuka. Na mjibu kila anayeandika, hata huyo wa chunusi. Mtu akibisha hodi kwako akakuta kimya, harudi.

Kuna moja imenikaa. Mwanamke amekumbatia kapu la bobini za uzi, anamtazama mtu aliye nje ya picha. Hiyo usiitanie. Sijui kwa nini nasema hivyo, lakini usiitanie.

Kidomo


11 Mei

Kidomo,

Marahaba, na ya Desemba nimeiona. Bibi alianguka bafuni lakini hakuvunjika. Anasema sakafu ndiyo iliyoumia.

Nimefanya ulivyosema na sasa sina pumzi. Ile ya viatu visivyofanana iliwakusanya watu kama msiba. Mmoja akasema ni Kibiriti wa chumba cha rangi, mwingine akasema muongo wewe, Kibiriti alikuwa mrefu, wa tatu akasema nyote mnaropoka, viatu vile alivivaa makusudi siku aliyokataliwa uchumba. Wa nne akaandika: "Viatu ni vyangu. Nipo hai. Na uchumba nilikataa mimi." Nilicheka peke yangu ofisini mpaka Mkuu akachungulia. Alipoona idadi ya watu akavuta kiti. Tangu siku hiyo anapita kila asubuhi kuuliza "wafuasi wetu" wameamkaje, kana kwamba amewazaa yeye.

Na wamejitokeza mashahidi wenye kumbukumbu ya ajabu. Yuko mmoja anajiita Mjukuu wa Fundi, mwingine Mstaafu Mwenye Furaha, na wenzao wawili. Sura iliyofutika nusu wanaitambua. Wanataja Filimbi, msimamizi wa zamu ya asubuhi, wanamtaja Mzee Pasi, wanamtaja Dawa ya Moto. Ni majina yaleyale Bibi aliyokuwa akitusimulia tukiwa wadogo, na kila nikiyasoma mwili unanisisimka. Naandika kwa penseli nyuma ya picha mpaka vidole vinakuwa vyeusi. Maboksi yanapungua. Lakini yaliyobaki bado ni mengi kuliko yaliyookolewa, na kalenda haina huruma.

Ya bobini sina la kukuambia.

Hukunijibu kuhusu likizo. Unakuja mwaka huu au huji?

Dada


9 Juni

Dada Penseli,

Shikamoo wewe, na shikamoo ya Bibi mpelekee mkononi, amezoea kugusa.

Nafurahi maboksi yanapungua. Kuhusu likizo, msimamizi hajapanga ratiba, tuseme baadaye. Huku mvua tu.

Swali moja, na usinirushie penseli. Hiyo kanuni yako ya mashahidi wawili ni nzuri wakati wa amani. Sasa tanuri linasubiri. Picha ikipata jina la kukadiria si bora kuliko majivu? Sura ikishaokoka, jina si litasahihishwa polepole? Mtu anayezama humtupii kamba ukiwa unampima urefu.

Nawaza tu.

Kidomo


20 Julai

Leo sikusalimu.

Jumatatu alikuja mwanamke wa makamo, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Alikuwa amesafiri kutoka mbali, mabasi mawili na kulala stendi. Ameshika simu, ukurasa wetu uko wazi. Akasema, "Nimemfuata baba yangu." Baba yake ni Filimbi. Alikufa yeye hajazaliwa, na nyumbani kwao hawana picha, kama sisi. Binamu yake alimwonyesha mtandaoni: huyu ni Filimbi, mashahidi wawili wamethibitisha. Alikuja na mama yake, bibi mzee sana, amemwacha kwenye benchi nje apumzike.

Nikaitoa picha halisi. Mama mzee akaletwa, akaishika karibu na jicho, akaiweka mezani taratibu. "Huyu ni mfagizi wa getini. Mume wangu hakuwa na shingo hii." Binti akasema, "Mama, angalia tena." Akaangalia tena. Kisha binti akaniuliza, wala hakupandisha sauti, "Sasa mliandika kwa nini?"

Nikawapa maji. Walipoondoka nikakaa na ile simu nikasoma komenti zote za wale mashahidi wanne, moja baada ya nyingine, tangu mwanzo. Mjukuu wa Fundi ameandika kuhusu Mzee Pasi: "alicheka mpaka meno yakaomba likizo." Na Mstaafu Mwenye Furaha, mwezi mwingine, picha nyingine, mtu mwingine: "akicheka, meno yanaomba likizo."

Kidomo. Neno hilo ni la Bibi. Alilitunga mwenyewe jikoni kwake, na duniani tunalolisema ni watu watatu. Mmoja ni kipofu na mwingine ni mimi.

Umechukua majina ya hadithi za Bibi ukayabandika kwenye nyuso za watu wengine. Mimi nikayaandika kwa mkono wangu. Nimekaa kazini miaka yote hii bila doa, na doa limetoka nyumbani.

Na nikwambie nililokuwa nimelinyamazia kwa sababu ya kanuni. Yule mwanamke wa bobini ni mama. Nilimjua siku ile nilipofungua boksi. Sikukuambia, nikamweka ukurasani kama wengine, nikangoja mtu baki amtaje. Nilitaka awe na mashahidi wake kihalali. Bado nangoja, na sasa hata akitajwa nitamwamini nani?

Niandikie akaunti zako zote. Na uniambie unapata wapi muda wa kushinda mtandaoni mchana kutwa, wewe mtu wa ghala.


15 Agosti

Dada,

Shikamoo. Najua hutaitikia.

Akaunti ni hizo nne ulizozitaja, hakuna ya tano. Majina yote waliyoyataja ni ya kubandika tu, nyuso sikuzijua. Yafute.

Muda ninao kwa sababu sina kazi. Februari nilianguka kutoka kwenye ngazi ya ghala, mguu ukavunjika juu ya goti. Uliunganishwa vibaya, ukavunjwa tena, ukaunganishwa tena. Kazini wamenishukuru. Nimekuwa nikilala kwenye godoro la chini, mpishi ananiletea mabaki, na simu ndiyo dirisha langu. Sikusema kwa sababu Bibi angesikia kwenye sauti yako. Uliniletea barua ya machozi kuhusu mama na tanuri, na mimi nimelala hapa siwezi hata kwenda chooni bila kushikwa. Nikaona angalau kidole kinafanya kazi. Nilikuwa naokoa maboksi, dada. Nilidhani naokoa maboksi. Yule binti wa Filimbi ananijia kila nikifumba macho.

Picha ya mama sikuigusa. Niapishe kwa chochote. Wengine wote niliwapa majina kama pipi, yeye nikashindwa, mkono ukawa mzito. Nimeihifadhi kwenye simu, huwa naanza nayo asubuhi, na sikujua namtazama nani. Isome tena barua yangu ya Aprili. Ulijua, ukanijibu "sina la kukuambia".

Mwandike, dada. Mwandike Cheche. Bibi anajua ndilo jina walilomwita kiwandani, mimi najua, wewe unajua. Itakuwa kweli tupu. Nani ataumia?

Mdogo wako


12 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeitikia. Ungeniambia kuhusu mguu ningekuja kwa miguu yangu nikubebe, halafu ningekupiga. Sasa niambie unakula nini na unaweza kusimama au la. Bibi sijamwambia, lakini jana kaniuliza, "Huyo mtoto kalala wapi?" Hakuuliza kaenda wapi, kauliza kalala wapi.

Nilikwenda kwa Mkuu nikamweleza yote, na kwamba ni ndugu yangu. Sikutaka asikie kwa mwingine. Akasema nimemvua nguo hadharani. Majina yote yaliyotajwa na akaunti zako nne nimeyafuta kwa raba, moja moja, na picha zile zimerudi kwenye maboksi ya tanuri. Ukurasa anaufunga Ijumaa hii. Lori linakuja wiki ya kwanza ya Oktoba. Picha zitakazohamishwa ni zile tu nitakazoziapia mimi mwenyewe kwamba mashahidi wake ni watu wa kweli.

Kabla ya hayo nilimpelekea Bibi picha ya mama, kwa ruhusa ya kutoka nayo mchana mmoja. Akaipapasa yote, pembe hadi pembe. "Karatasi tu," akasema. Kisha akaniuliza, "Anacheka?" Nikalia badala ya kumjibu.

Sasa sikiliza vizuri. Juzi, chini ya picha ya mama, imetokea akaunti mpya. Haina sura, haina kitu kingine chochote. Imeandika: "Huyu ni Cheche wa chumba cha nyuzi. Alinifundisha kufunga fundo kwa mkono mmoja." Dakika hiyohiyo shahidi wa pili, mstaafu wa kiwanda anayeuza karanga getini kwetu, ninayemjua kwa sura na sauti, akaandika: "Naam, Cheche, Mungu amrehemu." Mashahidi wawili. Nilitakiwa kuruka. Nilikaa pale nimeshika meza.

Kwa sababu ulijua jina. Uliniomba nimwandike. Na habari ya fundo la mkono mmoja ni tamu mno, ni tamu kama zako. Nimemwandikia mwenye akaunti nikimuuliza: "Samahani, wewe ni mtu wa kweli?" Kimya. Nakupigia simu, naambiwa haipatikani.

Ni wewe? Neno moja linatosha, ndiyo au hapana. Safari hii nitakuamini, kwa sababu nikikuuliza hivi ukanidanganya hatuna tena ndugu. Jibu siku hiyohiyo utakayosoma.

Dada


1 Oktoba

Kidomo,

Bado simu yako haipatikani. Barua haijafika. Lori ni Alhamisi.

Kama ni wewe nimeshakusamehe, niambie tu. Kama si wewe, niambie. Nimebakiwa na picha moja mezani na penseli imechongwa.

Dada


6 Oktoba

DADA!

Si mimi! Si mimi, si mimi, kwa mguu wangu huu uliobaki na kwa mwingine!

Barua yako ya Septemba nimeipata leo asubuhi. Tulitolewa kwenye vyumba vya kampuni mwishoni mwa Agosti, mpishi akanibeba mgongoni mpaka kwa rafiki yake, na barua zilikuwa zinalala kwa mlinzi wa kule. Simu ilitumbukia kwenye ndoo ya kufulia siku ya kuhama. Namba yako ilikuwa humo ndani, picha ya mama humo ndani, kila kitu humo ndani. Nimeazima simu nikatafuta ukurasa, haupo. Namba ya Hifadhi inaita haipokelewi, bila shaka mko mbioni kuhama. Lakini si kitu! Halisi iko kwako.

Mimi sikuwahi kusikia habari ya fundo la mkono mmoja. Bibi hakuisimulia. Ningeitoa wapi? Kuna mtu huko nje alifundishwa na mama, dada. Mtu mzima mwenye mikono, anayemkumbuka. Hebu fikiria!

Chukua penseli. Andika CHECHE, herufi kubwa. Kisha nenda kamsomee Bibi, na mwambie nasimama kwa fimbo, natoka mpaka mlangoni, nikiweza safari nakuja. Nitaingia na kuiona kabla hata sijakaa.

Mdogo wako, anayelia kama mjinga mbele ya mpishi


29 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako yenye furaha nimeipokea jana; shikamoo uliisahau, nimeitikia hivyohivyo.

Lori lilikuja Alhamisi, tarehe tatu.

Utaniuliza kwa nini sikumwandika tu. Penseli niliishika, ikagusa karatasi. Nikamwona yule binti akiniuliza, "Sasa mliandika kwa nini?" Utaniuliza kwa nini sikumtia kwenye mkoba. Nilimtia. Nilifika naye mpaka getini, mstaafu wa getini akaniaga, nikageuka nikamrudisha mezani. Mkuu alikuja mwenyewe, akauliza, "Hii unaiapia?" Nikasema sina hakika na shahidi mmoja. Akaiweka pamoja na nyingine, wala hakuitupa, aliiweka kwa adabu. Simu ya ofisi walikwisha kuichukua na kila kilichokuwamo kikafutwa. Nilisimama uani nikaangalia magunia yakipandishwa, nikashindwa kujua yeye yuko gunia gani.

Najiona mpumbavu, Kidomo. Kanuni niliyoitunza miaka yote imemla mama yangu.

Na hayakuishia hapo. Wiki iliyopita nilikuwa nafunga milango ya jengo la zamani. Akaja mama mmoja, mfumaji mstaafu, mkono wa kulia umeishia kwenye kiwiko. Mashine ilimchukua akiwa msichana. Akasema, "Wewe ndiye uliniuliza kama mimi ni mtu wa kweli? Sikujua kujibu humo ndani, nikaona nije unione." Nikamkaribisha tukae kwenye ngazi, viti vimeshahamishwa. Baada ya ajali walitaka kumfukuza kazi, mama akakaa naye mapumziko yote akimfundisha kuunga uzi kwa mkono wa kushoto peke yake, na yeye mwenyewe akifanya hivyohivyo ili mwenzake asione haya. Alivuta uzi kwenye pindo la gauni lake akanionyesha. Vidole vitatu, mzunguko mmoja, basi. "Cheche ndiye," akasema. "Sasa niione hiyo picha."

Ilibidi nimwambie.

Hakunilaumu. Alikaa nami mpaka nikaweza kusimama.

Sasa nisikilize, maana ndilo ombi langu la mwisho kuhusu jambo hili. Picha ile tumebaki watu wawili tulioitazama kwa siku nyingi, wewe kwenye simu yako na mimi mezani kwangu. Kila siku inayopita inafutika kidogo. Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine, nimeigandisha kwa gundi. Nimeandika humo kila nilichokiona, pamoja na jibu nililompa Bibi hatimaye. Usiifungue. Andika yako kwanza, uitie posta, ndipo uifungue yangu. Yatakayofanana nitayaandika kwa wino na kuyaweka kwenye rafu mpya, chini ya jina lake. Yasiyofanana tutayaacha.

Mashahidi wawili wasioulizana. Sina kingine ninachojua kufanya.

Dada


20 Novemba

Dada,

Shikamoo. Bibi naye shikamoo yake.

Bahasha yako iko hapa mezani, gundi haijaguswa. Mpishi ameniwekea kikombe juu yake ili nisijaribiwe. Sijui nikwambie nini kuhusu lori, kwa hiyo nafanya ulichoniomba.

Amesimama kama mtu aliyeitwa ghafla. Kitambaa cha kichwa kimerudi nyuma, na kwenye nywele za mbele kuna weupe. Si mvi, hakuwa na umri huo. Naandika pamba.

Gauni lina vifungo mbele. Kimoja, cha tatu kutoka juu, si cha jamii ya vingine, ni kikubwa na cheusi.

Sikio linaloonekana halina herini, lina tundu tu.

Jino moja la mbele limepanda jirani yake. Ni kama langu hili, nililochekwa nalo shule nzima, na sikuwahi kujua nimelitoa kwa nani.

Shingo ameigeuza. Anamtazama mtu ambaye hayumo, na anampenda. Hili si la kuona kwa macho, ukitaka likate.

Bibi aliuliza kama anacheka. Mimi ningemjibu: bado kidogo. Midomo imeshaanza, mashavu hayajafika.

Kapu lipo ubavuni kulia, mkono wa kulia umelishika kwa chini, na bobini moja imelala nje ya nyingine, karibu kuanguka.

Mkono wa kushoto ndio nimekaa nao siku nzima. Nimefumba macho, nimeanza upya kutoka kichwani, nimeshuka begani, na kila nikifika hapo napoteza. Ndio ule mkono wa fundo. Ningeweza kukuandikia kwamba ulikuwa umeshika uzi, ungefurahi, na yule mama angefurahi, na hakuna mtu duniani angenishika uongo tena. Lakini kila asubuhi nilimtazama usoni tu. Mkono wa kushoto sikuuona, dada, na sitaubuni.

Mdogo wako